Kware wa Nyama: Usiuze Wazazi wa Kesho. Namna ya Kuchagua Mbegu Inayokua Haraka na Kula kwa Faida

Leo tuna somo ambalo wengi mmeniulizia mkiwa sokoni na hata njiani: kwa nini kware wako wa kwanza walikuwa wazito, halafu kadiri unavyototolesha mwenyewe wanazidi kuwa wadogo? Na je, unaweza kuwarudisha bila kwenda kununua mbegu mpya kila mara? Jibu ni ndiyo, unaweza. Ila inabidi ubadilishe tabia moja ya biashara, na inauma kidogo.

Nianze na kisa. Kuna kijana mmoja wa upande wa Kamachumu, Muleba, alinipigia simu jioni moja akasema: "Afisa, naacha kware. Naomba unitafutie mtu wa kununua keji." Nilishtuka, maana ndiye niliyekuwa nikiwapeleka wenzake kwake wajifunze. Kumbe kware wake walikuwa wanadumaa. Chakula kile kile, banda lile lile, lakini kufika kizazi cha nne kware wa wiki tano ukimshika mkononi ni kama hujashika kitu. Mama mmoja mchoma nyama, ambaye ndiye mteja wake mkubwa, alikuwa amemrudishia kware ishirini na kumwambia: "Mwanangu, wateja wangu wanakula nyama, hawanyonyi mifupa."

Nilipofika kwake niliuliza swali moja tu: mteja akija, unamchagulia kware gani? Akajibu bila wasiwasi: "Namchagulia wale wakubwa, Afisa. Mteja lazima aridhike." Na wanaobaki je? "Wanaobaki ndio nawaacha watage."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kila wiki alikuwa anauza wazazi wazuri na kubaki na wale waliokataliwa. Alikuwa anafanya uchaguzi wa mbegu kila Ijumaa bila kujua, tena uchaguzi wa kurudi nyuma.

1. Uzito unarithiwa, lakini siyo wote

Ukiwapima kware mia moja wa umri mmoja utaona hawalingani. Mmoja ana gramu 140, mwingine 190. Tofauti hiyo ina vyanzo viwili. Chanzo cha kwanza ni mazingira: nani alikaa karibu na taa, nani alipata nafasi kwenye chombo cha chakula, nani aliumwa akiwa kifaranga. Chanzo cha pili ni damu, yaani kile alichopewa na baba na mama. Cha mazingira hakiendi kwa watoto. Cha damu kinaenda.

Kwa kware, uzito wa wiki nne hadi tano unarithiwa vizuri. Tafiti nyingi zinaweka sehemu inayotokana na damu kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti unayoiona. Ndiyo maana kware anabadilika upesi ukimchagua vizuri, na anaharibika upesi ukimchagua vibaya. Isitoshe, kizazi chake ni kifupi: yai linaatamiwa siku 17 hadi 18, na jike anaanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Kwa mwaka mmoja unaweza kupata vizazi vitatu hadi vinne. Mfugaji wa ng'ombe angesubiri miaka mingi sana kuona unachokiona wewe ndani ya mwaka.

Mfano mkubwa duniani ni kazi ya mtafiti Henry Marks, huko Athens, jimbo la Georgia, Marekani. Alichagua kware kwa uzito wa wiki nne, kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1996 alitoa taarifa ya vizazi 97. Uzito uliongezeka zaidi ya mara mbili ya ule wa kundi la mwanzo. Hakukuwa na dawa wala sindano ya kukuza. Ilikuwa mizani, daftari na uvumilivu.

2. Kosa langu mwenyewe

Sasa nikiri. Yule kijana nilimpa ushauri wa haraka haraka: "Acha kuuza wakubwa. Wakifika wiki nane, chagua ishirini wazito kuliko wote wawe wazazi." Akafanya hivyo hivyo. Niliporudi kukagua nikakuta karibu wote aliowachagua ni majike. Madume ilibidi aokoteze tu waliobaki ili kujaza nafasi.

Nilisahau jambo ambalo nilifundishwa chuoni. Kwa kware, jike ndiye mzito kuliko dume, kinyume na kuku. Tena akifika wiki nane tayari anataga, kwa hiyo mizani inapima nyama pamoja na mfuko wa mayai uliojaa. Ukiwapanga wote kwenye mstari mmoja, utachagua majike tu, na wengine utakuwa umewachagulia mayai na siyo nyama. Kizazi kizima kilipotea kwa ushauri wangu wa dakika mbili. Tangu siku hiyo sitoi ushauri wa mbegu bila kukaa chini na daftari.

3. Upimaji wa haki: mambo manne yalingane

Usimlinganishe kware na mwenzake mpaka mambo haya manne yawe sawa:

Jinsia moja. Dume kwa dume, jike kwa jike. Kware wa kahawia wanatambulika kuanzia kama wiki ya tatu: dume ana kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa, jike ana kifua cha rangi hafifu chenye madoa meusi. Kwa kware weupe manyoya hayasaidii. Hao utasubiri wakomae, dume akibonyezwa juu kidogo ya tundu la haja anatoa povu jeupe.

Umri mmoja. Pima siku ya 35 tangu kutotolewa. Umri huu ni mzuri kwa sababu uko karibu na umri wa kuuza, jinsia inaonekana, na majike hawajaanza kutaga.

Totoo moja. Vifaranga waliototolewa siku moja, wakalelewa kwenye bruda moja. Huku kwetu Bukoba unajua mvua zilivyo. Totoo lililoanguka wiki ya mvua na baridi halikui sawa na lile la wiki ya jua, hata kama damu ni ile ile.

Chakula kimoja. Usipime nusu waliokula stata ya kiwandani na nusu waliokula mchanganyiko wako.

Je, kama una matotoo mawili na unataka kuchagua kutoka kote? Usiangalie gramu peke yake, angalia amezidi wastani wa wenzake kwa kiasi gani. Tuseme dume wa totoo la kwanza ana gramu 172, na wastani wa madume wenzake ni 165. Amezidi kwa 7. Dume wa totoo la pili, lililokutana na baridi, ana gramu 166, lakini wastani wa wenzake ni 152. Amezidi kwa 14. Kwa macho utamchukua wa 172. Kwa mbegu, wa 166 ndiye bora.

Vifaa unavyohitaji ni mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, kikopo cha kumtuliza ndege asirukeruke, pete za plastiki za rangi za miguuni, na daftari. Pima asubuhi kabla ya kulisha ili usipime chakula kilichoko tumboni.

4. Utapata faida kiasi gani kwa kizazi kimoja?

Hesabu yake ni rahisi. Chukua wastani wa kundi lote, chukua wastani wa wale uliowachagua, toa. Tofauti hiyo zidisha kwa sehemu inayorithiwa.

Tuseme wastani wa kundi ni gramu 160 na wastani wa uliowachagua, madume na majike, umezidi kundi kwa gramu 20. Tukichukua kiwango cha kurithi cha asilimia 40, unapata 20 × 0.4 = gramu 8. Yaani unatarajia watoto wao wawe na wastani wa gramu 168 kwenye mazingira yale yale.

Sasa angalia ukichagua majike tu na madume ukaokoteza, kama tulivyofanya sisi. Mtoto anachukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Upande wa baba umetoa sifuri, kwa hiyo gramu 8 zinakuwa 4. Nusu ya kazi imekwenda na maji.

Gramu 8 unaweza kuziona ndogo. Lakini kwa vizazi vitatu kwa mwaka, kwa kware 500 kila totoo, hizo ni kilo za nyama ambazo hukuzilipia kifaranga wala banda la ziada.

5. Ndugu kwa ndugu: hapa ndipo makundi yanapokufa

Tatizo la pili la yule kijana lilikuwa madume. Alikuwa na madume wachache sana, na wote walitoka kwenye mayai ya keji moja. Kaka walikuwa wanapanda dada zao.

Kware hawavumilii jambo hili. Mwaka 1966 watafiti wa California walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Genetics: kware waliopandishwa kaka kwa dada mfululizo waliporomoka kwa utotoleshaji na uhai wa vifaranga, na koo hizo hazikudumu zaidi ya vizazi vichache. Dalili zake unazijua: mayai mengi hayatotoi, vifaranga wanafia ndani ya ganda, wanaotoka ni dhaifu, na waliopona wanakua taratibu. Wengi mnalaumu mashine. Mashine nayo ina makosa yake, hasa umeme unapokatika, lakini chunguza na ukoo.

Ipo hesabu ya kukadiria undugu unaoongezeka kila kizazi: gawa moja kwa (idadi ya madume mara nane), kisha gawa moja kwa (idadi ya majike mara nane), ujumlishe. Tazama tofauti:

Dume 1 na majike 4: asilimia 15.6 kwa kizazi kimoja.

Madume 2 na majike 10: asilimia 7.5.

Madume 12 na majike 36: asilimia 1.4.

Umeona? Kinachookoa kundi ni idadi ya madume. Kuwa na majike mia na madume wawili ni hatari, hata banda likionekana limejaa.

Mpango ninaoupendekeza kwa kijana wa kawaida ni huu. Tengeneza keji 12, kila moja iwe na dume mmoja na majike watatu. Kila keji ni familia, ipe namba. Andika namba hiyo kwenye yai kwa penseli, siyo kwa kalamu ya wino. Kusanya kwa siku saba, weka mashineni. Siku ya 15 unapoyahamishia kwenye trei ya kutotolea, yatenge kwa vizuizi vya wavu ili vifaranga wa familia moja wasichanganyike na wengine. Wakitoka, wape alama. Pete za miguuni zikague mara kwa mara na kuzibadilisha, maana mguu unakua haraka na pete inabana.

Fanya matotoo mawili, wiki moja baada ya nyingine, ili upate wa kutosha wa kuchagua. Siku ya 35 ya kila totoo pima wote. Kutoka kila familia chagua dume mmoja na majike watatu waliozidi wenzao zaidi. Ukichagua ndani ya familia namna hii kasi ya kuongeza uzito inapungua kidogo, lakini kundi lako litakuwa hai miaka mitano ijayo.

Kisha fuata kanuni hii: majike wanabaki, madume wanahama. Dume wa familia ya 1 anakwenda kwa majike wa familia ya 2, wa 2 anakwenda 3, mpaka wa 12 anarudi 1. Kila kizazi unarudia hivyo hivyo. Kaka hatakutana na dada yake.

Ukitaka damu mpya, nunua madume kwa mtu mwenye kumbukumbu za uzito. Jina la "jumbo" siyo ushahidi. Mwombe akupimie mbele yako na akwambie wana siku ngapi. Wakifika kwako, watenge mwezi mmoja mbali na banda kabla ya kuwachanganya. Na usijaribu kuchanganya na kware wa porini. Wenzetu wa Siaya na magharibi mwa Kenya wamekuwa wakiwatega aluru kwa vizimba vilivyofumwa tangu enzi za mababu, lakini hao ni ndege wengine. Kware tunayemfuga asili yake ni Japani na amefugwa kwa vizazi vingi. Wa porini atakuletea udogo na magonjwa. Na kwa kuwa kware wanagusa sheria za wanyamapori, pita ofisi ya maliasili ya halmashauri yako uulizie kibali kabla hujapanua mradi.

6. Ulaji: anayekua haraka siyo lazima awe anayekula kwa faida

Chakula ndicho kinachokula fedha zako nyingi kuliko kitu kingine bandani. Kware wa nyama anaweza kula kama kilo tatu za chakula, pengine zaidi, ili aongeze kilo moja ya uzito. Ukipunguza hapo hata kidogo unasikia mfukoni.

Habari njema ni kwamba ukichagua kwa ukuaji, ulaji unaboreka wenyewe kwa sehemu. Ndege anayefika uzito wa kuuza siku 35 badala ya 42 ameokoa chakula cha siku saba ambacho kingeishia kumpa joto na kumweka hai tu.

Lakini kuna tofauti nyingine ambayo macho hayaioni. Kware wawili wanaweza kukua sawasawa huku mmoja akila zaidi. Kumpima mmoja mmoja ni vigumu kwetu, kwa hiyo pima kwa familia. Chukua vifaranga 10 wa kila familia, weka kila kundi kwenye keji yake kuanzia siku ya 14 hadi ya 35. Wapime mwanzoni na mwishoni. Kila chakula unachowapa kipime, na mwisho toa kilichobaki.

Mfano: Familia A, kware 10 wameongezeka jumla ya kilo 1.25 na wamekula kilo 3.9. Gawa 3.9 kwa 1.25, unapata 3.12. Familia B nao wameongezeka kilo 1.25, lakini wamekula kilo 4.5. Unapata 3.6. Tuseme kilo ya chakula ni shilingi 1,800. Familia A wamekula shilingi 7,020, familia B shilingi 8,100. Tofauti ni shilingi 1,080 kwa kware kumi, yaani shilingi 108 kwa kila mmoja. Kwa kware 500 ni shilingi 54,000. Mteja hawezi kuona tofauti yao mezani, lakini wewe unaiona kwenye daftari.

Tahadhari mbili. Kwanza, kware ni mchezaji, anatifua chakula na kukimwaga. Ukipima kilichomwagika kama kilicholiwa umejidanganya. Usijaze chombo zaidi ya theluthi moja, weka wavu juu ya chakula apitishe mdomo tu, na tandika karatasi chini ukusanye kinachodondoka. Pili, usichague familia kwa hesabu hii peke yake. Kuna familia ndogo ndogo zinazokula kidogo na kukua kidogo, na hesabu yao inapendeza. Kwanza tazama waliokua vizuri, halafu kati ya hao, wape nafasi zaidi waliokula kidogo.

7. Chagua kwenye chakula utakachotumia

Hili ni muhimu kwetu Kagera, kwa sababu chakula cha kiwandani kinasafiri mbali na bei inapanda njiani. Wengi mnachanganya wenyewe: pumba za mahindi, mahindi, soya iliyokaangwa, mashudu ya alizeti na dagaa wa visiwani.

Yule Marks niliyemtaja aliendesha makundi mawili. Moja alilichagua kwenye lishe nzuri yenye protini asilimia 28. Jingine alilichagua kwenye lishe ya protini asilimia 20 pamoja na kemikali inayozuia ukuaji. Kundi la lishe nzuri liling'ara zaidi kwenye lishe nzuri, lakini lilipowekwa kwenye lishe dhaifu halikung'ara vile. Lile lililochaguliwa kwenye shida lilishikilia ubora wake kote.

Maana yake kwako: usichague wazazi kwa kuwalisha stata ya gharama, halafu watoto wao uwalishe mchanganyiko wa nyumbani ukategemea maajabu. Chagulia kwenye chakula kile kile unachoweza kukinunua mwaka mzima. Hii haina maana uwanyime. Kifaranga wa kware anahitaji protini kama asilimia 24, na ukishuka sana wote watadumaa na hutaona nani ni bora. Dagaa nao waangalie: waliokaushwa mchangani wanakuja na mchanga, unalipia kilo ya dagaa na kumbe sehemu ni ufukwe. Nunua waliokaushwa juu ya vichanja.

8. Uzito una bei yake

Usikimbilie gramu peke yake ukasahau uzazi. Makundi yaliyochaguliwa kwa uzito kwa muda mrefu huwa na mafuta zaidi, na mara nyingi rutuba ya mayai na utotoleshaji vinashuka. Kware mzito asiyetotolesha hana faida, kwa sababu kila kifaranga unachouza kinatoka kwenye yai lililotoa.

Kwa hiyo andika pia kwa kila familia: mayai mangapi yametagwa, mangapi yameingia mashineni, vifaranga wangapi wametoka wakiwa wazima. Familia nzito lakini inayototolesha vibaya mara mbili mfululizo, iondoe uchinje, na nafasi yake ichukuliwe na wa pili kutoka familia nzuri. Mwenye miguu iliyopinda asiwe mzazi hata kama ameongoza kwenye mizani.

9. Tusirudie ya Kenya

Baadhi yenu mnakumbuka wimbi la kware la mwaka 2013 na 2014. Nchini Kenya watu waliomba leseni kwa wingi kwa shirika la wanyamapori, mayai yakasifiwa kuwa dawa ya kila kitu, bei ikapanda mno. Kabla mwaka 2014 haujafika mbali, bei ilikuwa imeanguka na watu wamebaki na ndege wasio na mnunuzi. Wimbi hilo lilifika na huku kwetu Tanzania.

Mimi nalitazama hivi: fedha nyingi ilikuwa ya kuuziana ndege sisi kwa sisi, mfugaji anamuuzia mfugaji. Katika biashara ya namna ile nani anajali uzito? Kinachouzwa ni idadi. Biashara ya kudumu inamtegemea mlaji: hoteli ya Bukoba mjini, mchoma nyama wa Muleba, familia inayotaka kitoweo cha Jumapili. Mlaji anarudi kwa sababu ya nyama, na nyama inaanzia kwa wazazi uliowachagua.

10. Kazi ya kufanya wiki hii

Anza kidogo, usisubiri keji 12 ziwe tayari.

Kwanza, pima kware wote wa siku 35 ulionao, andika madume peke yao na majike peke yao, tafuta wastani. Wengi hamjawahi kuujua wastani wenu.

Pili, kabla mteja hajafika, toa wazazi wako kwanza, wafunge pete nyekundu. Mwenye pete nyekundu hauzwi, hata mteja aongeze bei.

Tatu, hesabu madume unaowatumia. Wakiwa chini ya wanane, tafuta wengine kutoka ukoo tofauti.

Nne, nunua daftari moja la mbegu, lisiwe lile la madeni.

Mnataka kujua yule kijana wa Kamachumu aliishia wapi? Keji hakuuza. Mwanzo ulikuwa mgumu, maana kuwazuia wakubwa kulimfanya auze wadogo, na kwa wiki kadhaa fedha ilikuwa chache na wateja walinuna. Kizazi kimoja umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, akapata vifaranga wachache na hakuwa na wa kuchagua. Lakini aliendelea kuandika. Mbolea ya kware ikaingia kwenye kibanja cha mama yake, migomba ikamtetea wakati kware hawajaanza kumlipa. Kizazi cha tatu baada ya pete nyekundu, yule mama mchoma nyama alimshika kware mmoja, akampima kwa mkono, akamgeuza, kisha akasema: "Hawa niletee thelathini."

Siku hiyo kijana alitaka kumpa wale wakubwa kabisa, kwa furaha tu. Nikamwonyesha pete miguuni. Akacheka, akawarudisha kwenye keji.

Nawatakia kazi njema. Ukishapima kundi lako la kwanza, niletee daftari tulisome pamoja.